Nilichomwa chanjo, bega likakataa kunyanyuka: naweza kudai fidia?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Kigoma, nina miaka 43. Miezi saba iliyopita nilikwenda kituo cha afya cha serikali kuchomwa sindano ya pili ya chanjo ya homa ya ini B. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nesi amesimama. Gauni langu lina mikono ya kubana, nikalivuta kutokea shingoni bega likatokeza kidogo, akachoma. Nilisikia maumivu makali ambayo sindano ya kwanza haikuwa nayo, na usiku ule sikulala. Mpaka leo mkono wa kulia haupandi kuvuka kifua. Zipu ya mgongoni nafungiwa na binti yangu, na kukata vitambaa nimemwachia kijana ninayemlipa. Nilipigwa picha wakasema mfupa ni mzima, nikapewa diklofenaki. Jirani ameona kwenye simu kwamba Marekani watu waliopatwa na hali kama yangu wanalipwa fedha nyingi. Je, naweza kudai huko, au hapa kwetu? Mume wangu amenikataza hata kwenda kuchoma sindano ya tatu.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Jina la kituo uliloniandikia nimeliondoa, kwa sababu wao bado hawajasikilizwa na mtu yeyote.

Unaweza kudai fidia, na mahali pa kudai ni hapa hapa Kigoma. Marekani hutapata kitu, na sababu yake nitaieleza. Ila kabla ya yote hayo nataka uangalie kalenda, maana madai mengi mazuri ya watu wetu hayafi kwa kukosa haki, yanakufa kwa kuchelewa.

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, Sura ya 89, inampa mtu aliyedhuriwa na uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua shauri. Wengi wanaijua hiyo miaka 3 na wanalala usingizi. Lakini jedwali la sheria hiyo hiyo lina kifungu kingine kinachotoa mwaka 1 tu, kwa anayedai fidia kutokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Aliyekuchoma sindano ni mtumishi wa umma aliyekuwa kazini. Wakili wa upande wa pili akitaka kulimaliza shauri lako kabla hujafungua mdomo, ataleta pingamizi la awali kwamba wewe uko kwenye mwaka 1, si 3. Huenda mahakama ikamkatalia. Lakini kwa nini uliweke bega lako rehani kwenye mabishano ya aina hiyo? Jihesabie kwamba una mwaka 1.

Halafu kuna notisi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, haikuruhusu kuishitaki serikali mpaka kwanza uwe umempelekea mhusika notisi ya siku zisizopungua 90, ukieleza unadai nini na kwa msingi gani, na nakala ukaipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazigusa waziwazi na halmashauri, ambazo ndizo zinazoendesha zahanati na vituo vya afya vingi. Sasa hesabu: miezi 7 imekwenda, siku 90 ni miezi 3, tayari ni miezi 10. Notisi yako ikitoka mwezi huu, unabaki na nafasi ndogo ya kufungua shauri kabla mwaka haujafunga. Ukingoja kwanza upone, au ukingoja kituo kikuite mzungumze, nafasi hiyo imekwisha. Notisi haikuzuii kuzungumza nao. Mara nyingi ndiyo inayowafanya watake kuzungumza.

Sasa tuje kwenye jeraha lenyewe, maana usipolielewa hutaweza kulieleza mbele ya mtu yeyote, awe daktari au jaji.

Bega limefunikwa kwa nje na msuli mnene unaoitwa deltoidi. Juu yake, ukipapasa kwa kidole, utaigusa ncha ya mfupa inayofanya kona ya bega. Chini tu ya ncha hiyo kuna kifuko kidogo chenye ute, kazi yake ni kuzilainishia kano njia zisisuguane na mfupa unapoinua mkono. Chanjo ya mkononi inatakiwa iingie kwenye unene wa msuli, yaani vidole viwili hadi vitatu chini ya ile ncha ya mfupa, usawa wa juu kidogo ya kwapa. Ikichomwa juu zaidi ya hapo, hasa kwa mtu asiye na nyama nyingi, sindano inaweza kuufikia ule ute au kano zenyewe. Chanjo imeundwa kuiamsha kinga ya mwili. Ikimwagwa ndani ya kifuko, kinga inaamkia mahali pasipotakiwa, panavimba, panauma, mtu anaanza kuuficha mkono, na kwa kuuficha bega linakakamaa.

Hili halijatungwa na watu wa mitandaoni. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 13 wa namna hii, na mwaka 2011 jopo la Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo likakubali kwamba ushahidi unatosha: kitendo cha kuchoma sindano begani, kwa chanjo yoyote ile, kinaweza kusababisha uvimbe wa kifuko hicho. Ona walivyosema: kitendo cha kuchoma. Dawa yenyewe ingekuwa na tatizo, sindano yako ya kwanza nayo ingekuletea shida, na mamia ya akina mama waliochomwa kichupa cha aina ile ile wangekuwa wanashindwa kufunga zipu zao. Kwa hiyo usikubali mtu akugeuzie madai yako yawe vita dhidi ya chanjo. Huko hutashinda, na huna sababu ya kwenda. Unachodai ni kwamba mtumishi alichoma mahali ambapo hakufundishwa kuchoma.

Barua yako ina mambo mawili ambayo labda uliyaandika kwa kupita tu, lakini kwangu ndiyo moyo wa shauri. La kwanza, nesi alisimama na wewe umekaa. Mchomaji akiwa juu ya mchomwaji, mkono wake unaelekea sehemu ya juu ya bega bila yeye kujua. Ndiyo maana mafunzo yanasisitiza wote wawili wawe usawa mmoja, ikiwezekana wote wakae. La pili, gauni kuvutwa kutokea shingoni. Hapo kinachoonekana ni kona ya bega tu, na msuli wenyewe umebaki ndani ya kitambaa. Anayechoma anachoma anachokiona. Huku kwetu, ambako akina mama tunavaa magauni ya mikono mirefu, mabuibui na madera, jambo hili linatokea kila kliniki, na dawa yake ni rahisi: mkono mzima utolewe nje ya nguo, kama hakuna faragha basi liwekwe pazia. Naliandika kwa uchungu, kwa sababu pazia la kitenge lingetosha kukuepusha na yote haya.

Kuhusu Marekani, jirani yako hakukudanganya, ila hakusoma mpaka mwisho. Bunge la kule lilipitisha sheria mwaka 1986, na kuanzia 1988 kuna mfuko wa kuwafidia walioumia baada ya chanjo. Fedha zake zinatoka kwenye kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na kila dozi. Mwaka 2017 jeraha la bega likaingizwa kwenye jedwali la mfuko huo. Mtu akionyesha kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48 baada ya sindano, kwamba yako kwenye bega lile lile lililochomwa, kwamba hakuwa na shida ya bega kabla, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza, halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, na maombi yaingie ndani ya miaka 3. Malipo ya maumivu na mateso yamewekewa kikomo cha dola 250,000. Lakini mfuko huo ni wa waliochomwa ndani ya Marekani na maeneo yake, pamoja na makundi machache yenye uhusiano na nchi hiyo. Aliyechomwa Kigoma hayumo. Mtu akikuahidi kwa simu kwamba atakufungulia faili kule ukimtumia ada ya usajili, funga simu hiyo.

Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 1979 inayotoa pauni 120,000, ila kwa aliyelemaa kwa asilimia 60 au zaidi. Kwa nchi kama yetu uliwahi kuwekwa mpango wa fidia wa COVAX, lakini ulihusu chanjo za korona zilizosambazwa kupitia COVAX, tena kwa vifo na ulemavu wa kudumu. Yako ni homa ya ini. Tanzania haina mfuko maalumu wa waliodhurika na chanjo, na mimi ni miongoni mwa tunaoamini kwamba unapaswa kuwepo. Taifa linapomwomba mwananchi anyooshe mkono kwa faida ya wote, mmoja akiumia asiachwe ahangaike peke yake na mawakili. Mpaka siku hiyo ifike, njia tuliyonayo ni madai ya uzembe.

Madai ya uzembe yanatokana na sheria ya kimazoea tuliyoipokea kutoka Uingereza, na yanadai uthibitishe mambo matatu: kwamba aliyekuchoma alikuwa na wajibu wa kukutendea kwa uangalifu, kwamba aliukiuka, na kwamba kwa kuukiuka ndiyo ukaumia. La kwanza halina ubishi, ulikuwa mgonjwa wake. La pili hupimwa kwa kipimo cha tangu 1957: je, mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo angefanya hivyo? Hapo ndipo utamhitaji muuguzi au daktari wa kuieleza mahakama inavyotakiwa kuchomwa. Watakujibu kwamba kila sindano inauma na maumivu ni hatari inayojulikana. Ni kweli, na ukichomwa sawasawa ukaumwa siku mbili tatu huna kesi. Lakini kukubali kuchomwa sindano ya msuli si kukubali kuchomwa kwenye kifuko cha bega.

La tatu ndilo gumu kwako, na sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza kwenye kizimba. Bega kukakamaa huwapata pia watu ambao hawajachomwa chochote, hasa wanawake wa kati ya miaka 40 na 60, na zaidi wenye kisukari. Una miaka 43, na kazi yako ni ya mikono. Wakili wa serikali atakuuliza kama hukuwa na maumivu ya shingo kwa kuinamia cherehani, na kama umewahi kupima sukari. Basi pima sukari wiki hii na utunze majibu. Ikiwa ni ya kawaida, umeziba tundu moja kubwa. Ikiwa iko juu, ni heri umejua, utibiwe, na bado hoja ya muda inabaki kuwa yako: mkono uliokuwa unakata vitambaa asubuhi ukashindwa usiku ule ule.

Hoja hiyo ya muda ithibitishe kwa vitu, usitegemee maneno. Kadi ya chanjo yenye tarehe ipige picha na uiweke mahali salama. Kama usiku ule ulimwandikia ndugu yako ujumbe kwamba bega linakuua tangu sindano, ujumbe huo ni dhahabu. Usiufute, na simu usiiuze wala kuifomati, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, na mahakama itataka kujua umetunzwa vipi. Binti yako kama ulikuwa naye kituoni, aandike sasa alichokiona wakati bado anakikumbuka: nani alisimama, nani alikaa, nguo ilivutwaje. Vyeti vya diklofenaki na majibu ya picha visipotee hata kimoja. Mteja akija na mfuko wa karatasi zilizochanika namshukuru Mungu, mradi amekuja nazo.

Na faili lako la kituoni liombe kwa maandishi. Andika kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, uombe nakala ya kumbukumbu zako za matibabu za tarehe hiyo, pamoja na namba ya toleo la chanjo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zinazokuhusu, itaje kwenye barua. Mpe karani barua mbili, moja akugongee muhuri wa kupokea, uondoke nayo. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ni kama hukuandika. Siku hiyo hiyo mwombe mratibu wa chanjo wa halmashauri alijazie tukio lako fomu ya taarifa ya madhara baada ya chanjo, inayokwenda Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu hiyo haikulipi hata shilingi. Ila ikishaandikwa, hakuna atakayesema ulibuni jeraha baada ya kusikia habari za Marekani, na huenda ikawafanya wawakumbushe watumishi wao namna ya kuchoma.

Tiba nayo ni sehemu ya kesi. Sheria inamtaka aliyeumia afanye juhudi za kawaida kupunguza madhara yake. Ukikaa nyumbani mwaka mzima na panadoli, utaambiwa ulemavu mwingine umejitafutia. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi kifuko wala kano, kwa hiyo jibu la mfupa mzima halijakukanusha hata kidogo. Omba rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, na umweleze daktari habari ya sindano tangu mwanzo ili aiandike. Unachotaka kuangaliwa ni sehemu laini za bega, kwa ultrasaundi au kipimo cha MRI, na kama hakipatikani karibu, rufaa iendelee mpaka Bugando, Mwanza. Kinachosaidia wengi ni fiziotherapia ya kudumu, na wengine hupewa sindano ya steroidi ndani ya bega. Mazoezi utakayopewa yafanye kila siku hata kama yanauma, na mahudhurio yako yaandikwe.

Daktari bingwa wa mifupa akishakuona, mwombe taarifa ya maandishi. Taarifa ya mstari mmoja, "mgonjwa ana maumivu ya bega", haina kazi mahakamani. Inatakiwa iseme kilichoharibika ni nini, mkono unapanda mpaka wapi, magonjwa gani mengine ameyaangalia na kuyaondoa, anaona nini kilisababisha na kwa nini, na kiasi cha ulemavu kama upo wa kudumu. Madaktari wengine wanasita kuandika jambo linalomgusa mwenzao wa mkoa mmoja. Simlaumu mtu, lakini ndiyo sababu nyingine ya kutaka jicho la hospitali ya mbali. Mwombe aeleze alichokikuta, asiombwe kumhukumu nesi. Hiyo ni kazi ya jaji.

Notisi yenyewe isikutishe. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri inayomiliki kituo, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na maneno yake yawe ya wazi. Mfano: "Tarehe fulani, katika kituo cha afya fulani, mtumishi wako akiwa kazini alinichoma chanjo ya homa ya ini B kwenye bega la kulia, juu ya mahali panapotakiwa, akiwa amesimama nami nimekaa, bila kuhakikisha mkono umetolewa nje ya nguo. Maumivu yalianza hapo hapo. Nimepata madhara yafuatayo. Nadai fidia ya kiasi fulani kwa mchanganuo ufuatao. Usiponilipa ndani ya siku 90 tangu kupokea notisi hii, nitafungua shauri Mahakama Kuu bila kukuarifu tena." Ipeleke kwa mkono upate muhuri, na ile ya Mwanasheria Mkuu itume kwa njia itakayokupa uthibitisho wa kupokelewa.

Siku 90 zikipita bila jibu, shauri dhidi ya serikali linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Usipomuunganisha, shauri zima linaharibika kwa sababu hiyo moja. Zamani mtu wa Kigoma aliifuata Mahakama Kuu Tabora kwa treni. Siku hizi ipo hapa Kigoma, na ndugu zetu wa Urambo, Kaliua na Nzega wanaendelea na ile ya Tabora. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, hivyo hati yako ya madai utaisoma na kuielewa kila neno kabla ya kuweka sahihi. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, nami nakushauri uende huko kwa moyo mweupe. Shauri lenye ushahidi wa kitaalamu pande zote mbili linaweza kuchukua miaka, na fedha ya mezani iliyo ya haki inaweza kukufaa kuliko hukumu kubwa ya baadaye.

Kama kituo kingekuwa cha mtu binafsi au cha taasisi ya dini, ile notisi ya siku 90 isingehitajika. Barua ya madai ya wakili ingetosha, kisha Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Nalisema hili kwa wengine watakaosoma.

Pengine unajiuliza kama utalipwa mamilioni. Fidia kwetu ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara mahususi: nauli za kwenda hospitali, dawa, vipimo, fiziotherapia, ujira wa yule kijana, na kazi ulizozikosa. Mahakama ya Rufani imeshikilia tangu zamani kwamba kila shilingi ya fungu hili itajwe kwenye madai na ithibitishwe barabara. Maana yake, kijana huyo kuanzia leo asaini daftari kila unapomlipa, na risiti za dawa uzidai hata za elfu mbili. Daftari lako la oda la mwaka jana litaonyesha ulishona sare ngapi za shule kabla ya Januari, na la mwaka huu litaonyesha ngapi. Usizidishe. Jaji akikukamata kwenye uongo mmoja wa nauli, hatakuamini hata kwenye bega. Fungu la pili ni fidia ya jumla, ya maumivu na ya maisha yaliyopungua raha, nayo iko mikononi mwa jaji. Siwezi kukutajia kiasi, na wakili atakayekuahidi kiasi kabla ya ripoti ya daktari mwogope. Fundi cherehani aliyepoteza mkono wa kukatia ana hasara inayoonekana kwa macho, hiyo ndiyo nguvu yako.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya mtu asiye na uwezo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, nao wakuelekeze kwenye shirika lenye mawakili. Msaidizi wa kisheria atakusaidia barua na notisi, ila mahakamani hawezi kusimama kwa niaba yako, huko utahitaji wakili. Uliza pia kama kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, iko karibu nawe.

Unaweza pia kulalamika Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza lina uwezo wa kumwita nesi, kumwonya, hata kumfutia leseni, lakini haligawi fidia. Mimi nisingeanzia huko. Kumwangamiza kijana aliyechoma watu wengi siku ile, pengine bila kiti cha kukalia, hakutakupandisha mkono. Mwajiri wake ndiye anayewajibika kwa makosa aliyoyafanya akiwa kazini, na ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Na kwa manesi na wahudumu mnaosoma hapa: nyinyi wenyewe mkiumizwa bega kwa chanjo mliyotakiwa na mwajiri kuchomwa kwa ajili ya kazi, ulizeni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mapema na ndani ya miezi 12. Kule hamtahitaji kuthibitisha uzembe. Dada yangu umejiajiri, kwa hiyo mlango huo kwako haupo.

Limebaki la mzee wako nyumbani. Mwambie namheshimu, na hofu yake naielewa, amekuona ukilia usiku. Lakini homa ya ini B ni ugonjwa unaoua polepole kwa kuharibu ini na kuleta saratani, na dozi ya tatu ndiyo inayoikamilisha kinga. Kwa utaratibu wa kawaida ulitakiwa kuipata mwezi wa sita tangu ile ya kwanza, kwa hiyo umechelewa kama miezi miwili, na kuchelewa hakukulazimishi kuanza upya. Zungumza na daktari wa Maweni siku utakayopeleka bega. Akikuruhusu, ichome mkono wa kushoto, uwe umekaa na anayekuchoma naye amekaa, mkono mzima nje ya nguo, na umwombe apapase kwanza ile ncha ya mfupa kabla ya kuchoma. Kuipokea hakutapunguza madai yako hata kidogo. Tena ikipita salama upande wa kushoto, daktari wako atakuwa na jambo moja zaidi la kuandika.